Robo ya Anyesi

Wanaonijua kidogo husema Ebenezeri ni fundi. Wanaonijua vizuri husema Ebenezeri ni fundi, na hakuna anayelijua hilo kumzidi yeye mwenyewe. Hao wa pili ndio wanaosema kweli. Miaka ishirini na miwili niliendesha lori la kahawa kutoka huku juu Mwika mpaka kiwandani Moshi, na hakuna fundi wa mjini aliyeligusa lori langu bila mimi kusimama nyuma yake nikimkosoa. Nilipostaafu nilinunua Pijo pikapu kuukuu, nikaifanya nzima kwa mikono yangu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika si ya mtu asiyejua kazi. Ningekuwa sijui kazi ningepata pa kujifichia.

Mwaka ulikuwa themanini na mbili. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wa njano ukitaka usitake, na petroli kwa kibali. Mtu binafsi kama mimi alipewa lita tano kwa wiki, tena wiki ambayo lori la mafuta limefika. Betri mpya hukuipata hata ungelia machozi. Jumapili ikigonga saa nane mchana magari yote ya watu binafsi yalitakiwa yawe yamelala, na aliyekutwa barabarani bila barua alilala yeye polisi.

Mwanangu Elimringi alikuwa akifanya kazi kule chini Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga. Kazi yake ilikuwa kusawazisha majaruba, vile vitalu vya mpunga, ili maji yakiingia yasijae upande mmoja na kuacha mpunga wa upande wa pili ukauke. Nilimcheka sana kwa kazi ile. "Nimekusomesha," nilimwambia, "ili ukachunge maji?" Naye hucheka tu, maana amezaliwa na roho ya mama yake.

Mkewe aliitwa Anyesi, binti wa Kastori wa Tarakea. Mkatoliki wa Rombo. Sifichi kwamba mwanzoni nilinuna. Nilitaka Mlutheri, na ikiwezekana wa papa hapa Mwika. Anyesi hakubishana na mimi. Alikuja, akaniamkia, akaingia jikoni kwa mke wangu Tabitha, na mwezi haukuisha nikawa nauliza, "Yule mtoto atakuja lini tena?" Mimi nikipandwa na hasira watu wote pale nyumbani hutawanyika. Yeye alikaa palepale anamenya ndizi, akasema, "Endelea tu baba, mbuzi bado hujamtukana." Nilimpenda. Nalisema waziwazi kwa sababu wakati alipokuwa hai sikulisema.

Mimba yake ya kwanza iliishia vibaya. Uchungu ulimshika siku mbili, akapasuliwa katika hospitali kubwa ya Moshi, mtoto akatolewa amekufa. Mimba ya pili ilipofika miezi minane daktari aliwaita yeye na mumewe akawaeleza, na Elimringi akapanda kuja kunieleza mimi. Uchungu ukianza tu, mgonjwa asikae nyumbani. Lile kovu la ndani linaweza kuachia. Akifika mapema atapasuliwa, na watatoka wote wawili wazima. Akichelewa, daktari hakuahidi kitu. Na nafasi ya kumlaza mtu anayesubiri tu haikuwepo, wagonjwa walikuwa wanalala chini.

Kutoka Mabogini mpaka hospitali ni kilomita kama kumi na tano, ila Elimringi alikuwa na baiskeli tu. Nikasema nitampelekea gari likae mlangoni kwake mpaka mtoto azaliwe. Hilo lilikuwa wazo langu, na hata leo nasema lilikuwa wazo zuri.

Kitu kimoja kilinikera. Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa tangu mwaka uliotangulia. Umelala kwenye sifuri, tangi likiwa na mafuta au halina. Mimi haukunisumbua, kwa sababu nilijua mafuta yangu kwa kuhesabu safari, na nyuma ya siti nilikuwa na dumu la lita tano ambalo sikuligusa ila nimekwama. Lakini Elimringi si dereva, ni mtu aliyejifunza kuendesha. Nilitaka apate gari linalosema lenyewe hali yake.

Kastori, baba yake Anyesi, aliposikia mpango wetu alileta petroli. Kule Tarakea mafuta yalivuka mpaka kutoka Kenya mgongoni mwa watu. Alilifukia dumu la lita kumi katikati ya gunia la maharage, akapanda nalo basi, akalikalia mpaka Mwika. Wangelimkamata angeitwa mlanguzi na kufungwa. Ni mtu mdogo wa mwili, mpole, mwoga hata wa mbwa wangu. Siku hiyo, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nimeshalala chini ya gari, kwa hiyo alipewa kigoda akae anitazame.

Niwaeleze uani kwangu kulivyo. Huku kwetu hakuna tambarare. Kihamba chote kinatelemka, migomba na mibuni na nyumba yenyewe, na mahali pa kuweka sufuria isimwagike lazima upachimbe. Kigoda cha Kastori kilipinduka mara mbili mpaka Tabitha akatia jiwe chini ya mguu mmoja. Na gari la mlimani hulazwa pua ikitazama bondeni. Betri haina nguvu ya kuliwasha; unaachia breki, linaserereka, unatia gia, linanguruma. Hakuna dereva wa huku anayelaza gari namna nyingine. Ukimwona mtu kalilaza pua juu, huyo ni mgeni au mlevi.

Kastori alipouliza ninafanya nini, nilimweleza kila hatua kwa sauti ya mwalimu. Nilimwonyesha kwanza kwamba mshale wa joto la maji unafanya kazi, maana yake fyuzi ni nzima na umeme unafika kwenye dashibodi. Kisha nikaingia chini, nikauchomoa waya unaotoka kwenye tangi, nikamwambia Tabitha atazame mshale. Nikauegesha ule waya kwenye chuma kitupu cha bodi.

"Umepanda!" Tabitha akapiga kelele. "Umepanda mpaka mwisho!"

"Basi," nikamwambia Kastori, "mshale mzima, waya mzima. Ugonjwa uko ndani ya tangi."

"Baba Elimringi," akasema, "wewe una macho yanayoona ndani ya chuma."

Naliandika hili kwa sababu lilinifurahisha.

Nililishusha tangi. Halikuwa na kitu ila machicha, na hayo niliyakinga kwenye kopo. Nikafungua skrubu tano, nikatoa kipimio cha ndani: kisahani cha chuma, chini yake mkono mwembamba, na mwisho wa mkono boya la shaba lenye ukubwa wa yai. Mafuta yakijaa boya huelea na mshale hupanda. Yakipungua boya hushuka nao hushuka. Nililitikisa lile boya sikioni. Likalia kama lina maji ndani. Lilikuwa limetoboka, limekunywa petroli, limezama chini ya tangi likalala huko mwaka mzima. Nililitia katika maji ya moto mbali na gari mpaka petroli yote ikatoka, nikalikausha, nikaliziba kwa lehemu kama wanavyoziba sufuria. Nikalirudisha kwenye mkono wake. Nikaliinua kwa kidole, mshale ukapanda. Nikalishusha, ukashuka. Kastori akapiga makofi.

Nikafunga kila kitu kwa gasketi mpya niliyoikata kwenye ngozi ya kiatu. Nikalipandisha tangi, nikamimina lita kumi za Kastori zote. Nikawasha swichi.

Mshale ukabaki kwenye sifuri.

Sitarudia maneno niliyoyasema, mkwe mwenzangu alikuwepo na mimi ni mshiriki wa meza ya Bwana. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, jasho linanitoka, natazama ule mshale na kuuona unanicheka mbele ya mgeni. Tangi lile lilikuwa la lita hamsini. Lita kumi zilitakiwa zifike karibu na robo. Tabitha akasema labda mafuta yamekaa vibaya humo ndani. Nikamwuliza tangu lini amekuwa fundi.

Nikajijibu mwenyewe, haraka, kama nilivyozoea. Lehemu imeongeza uzito. Boya limekuwa zito, linaelea chini kuliko zamani, kwa hiyo mkono unatakiwa upindwe kidogo ili ulifidie. Nikamwaga mafuta tena kwenye dumu, nikashusha tangi tena, nikaupinda mkono. Nikarudisha, nikamimina. Mshale ukapanda kidogo. Nikashusha tena. Mara ya tatu, alasiri, mshale ulisimama kwenye robo palepale, haupungui hauzidi. Kabla ya kulipandisha tangi mara hiyo ya mwisho ningeliweza kukipima kipimio mkononi tena, boya likiwa chini kabisa, nikaona mshale unasema nini. Ingechukua dakika mbili. Sikufanya, kwa sababu mgongo uliniuma na Kastori alikuwa ananitazama.

Tulikula mtori kwa furaha. Kisha Tabitha akaniona nikilitoa dumu langu la akiba nyuma ya siti.

"Liache hilo," akasema. "Liende na gari."

"Mgambo wakilikuta garini watamfunga mwanao."

"Umetembea nalo mwaka mzima hawajakufunga."

"Nimelitembeza kwa sababu sikuwa na mshale," nikamjibu. "Sasa mshale ndio dumu lake." Nikazimimina zile lita tano ndani ya tangi mbele ya macho yake. Mshale ukasogea kidogo juu ya robo. "Umeona? Nimeongeza, na wenyewe umeongeza." Tabitha akachukua vyombo akaingia ndani.

Jumatatu nilishuka nalo Mabogini. Mteremko wote mpaka Himo mshale ulitulia. Nilipofika bondeni kwenye lami iliyonyooka, ukapanda. Nakumbuka vizuri. Nimeshachoma mafuta, na mshale umepanda karibu na nusu. Dereva mwingine angejiuliza. Mimi nilisema, hilo ndilo gari lililotunzwa, linanusa mafuta tu. Nikaimba njia nzima.

Nilipofika nilimkalisha Elimringi kwenye kiti cha dereva, Anyesi amesimama mlangoni ameshika kiuno.

"Litumie wewe na mkeo kwenda kliniki," nikamwambia. "Akiumwa jirani, msaidie, sisi ni Wakristo. Lakini mshale ukifika robo, funga mlango. Hata aje mchungaji. Robo ni ya Anyesi."

"Mimi robo tu, baba?" Anyesi akasema. "Na mwenye nusu ni nani?"

Elimringi akauliza kama apime pia kwa kijiti, kupitia mdomo wa tangi. Nikamwuliza anampima nani, tangi au baba yake. Akasema, "Basi baba." Hakulitaja tena.

Yaliyofuata niliyapata kwa Elimringi na kwa jirani yao mmoja, Dafroza, aliyekuwa garini. Sikuyaona kwa macho, ila nayajua kuliko niliyoyaona.

Wiki mbili zilipita. Elimringi alimpeleka mkewe kliniki mara mbili, na mara moja alimkimbiza mtoto wa jirani mwenye degedege. Kisha mshale ukafika robo. Alifanya kama nilivyomwagiza: akafunga mlango, akaweka ufunguo chini ya mto. Ijumaa mtu alikuja kumwomba amsaidie kubeba maiti ya mama yake mpaka Soweto, pale Moshi mjini. Elimringi alimkatalia, naye ni mtu asiyejua kukataa. Alimwambia, "Samahani ndugu yangu, yaliyobaki si yangu."

Jumapili, saa tisa mchana, uchungu ukaanza. Hawakuchelewa hata kidogo. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshaandika barua tangu wiki iliyotangulia, nao wakaishika mkononi. Majirani wakasukuma gari, likawaka. Anyesi akakaa katikati, Dafroza pembeni yake, na Dafroza ananiambia kwamba Anyesi alikuwa bado anatania, akimwambia Elimringi asiendeshe kama anabeba mayai.

Walikwenda kilomita tatu. Gari likakohoa, likakohoa tena, likazimika katikati ya majaruba. Elimringi akatazama mshale. Robo.

Sasa sikilizeni. Kama mshale ungekuwa umekufa kama zamani, angejua palepale kwamba mafuta yamekwisha. Angekimbia kutafuta trekta la mradi wa mpunga dakika ileile. Lakini mafuta yapo, mshale umesema, na mshale umetengenezwa na baba. Kwa hiyo ugonjwa ni mwingine. Akafungua boneti. Akachomoa plagi zote nne akazisafisha kwa shati lake. Akafungua bomba la mafuta kwenye kabureta akalipuliza, akidhani ni taka, maana nilishamwambia mafuta ya magendo huwa na taka. Akafungua kichujio. Akarudi akatazama mshale tena, robo. Dafroza anasema alirudi kuutazama mara nyingi, na kila mara alirudi kwenye injini kwa nguvu mpya. Alimaliza zaidi ya saa moja hapo, na Anyesi ndani ya gari alikuwa ameacha kutania.

Gari jingine halikupita. Ni Jumapili, saa kumi jioni, nani angepita? Mwishowe Anyesi alipiga ukelele mmoja, Dafroza akaona damu. Ndipo Elimringi akakimbia. Trekta lilikuwepo, dereva wake hakuwepo, akatafutwa kilabuni. Walimlaza Anyesi kwenye tela juu ya majani ya mpunga. Walifika hospitali giza linaingia. Anyesi alikufa kabla hawajamfikisha chumba cha upasuaji, na mtoto alikuwa ameshatangulia. Daktari alimwambia Elimringi kwamba wangewahi kwa saa moja tu pengine angekuwa anamwambia mengine.

Habari zilinifikia Jumatatu asubuhi. Nikaomba lita tano kwa mchungaji, nikashuka na basi. Tabitha alikwenda hospitali kwa maiti. Mimi nilikwenda kwanza kwenye gari. Nilisema ni lazima mtu alitoe barabarani, ila ukweli ni kwamba nilitaka kujua. Nilitaka iwe ni kabureta. Niliomba njia nzima iwe ni kabureta.

Elimringi alikuwa amekaa kwenye tuta la jaruba, miguu ndani ya maji. Shati lake lilikuwa limekaukiwa damu. Hakusimama. Akasema, "Shikamoo baba," kwa sauti ya mtu aliyelala. Nikaitikia, nikaenda garini, nikawasha swichi. Mshale ukapanda robo ukasimama. Nikafungua mdomo wa tangi, nikatia kijiti mpaka chini. Kikatoka kikavu.

Nilisimama na kile kijiti mkononi. Elimringi akaja akasimama karibu nami.

"Baba, ulipokuwa unapima ule mshale, gari lilikuwa wapi?"

"Uani."

"Limetazama wapi?"

"Bondeni. Kama siku zote."

Alitazama majaruba yake, maji yamelala sawa mpaka mwisho wa macho, kazi ya mikono yake. Na mimi nikaona. Tangi la Pijo ni refu na pana, na boya linakaa upande wa nyuma. Gari likiwa limeinamisha pua, lita kumi zote hukimbilia mbele. Nyuma ya tangi kulikuwa kukavu. Boya langu halikuwa zito wala halikuwa na kosa lolote, lilikuwa limelala juu ya bati tupu, na mshale ulisema sifuri kwa sababu pale lilipo palikuwa sifuri. Mimi niliupinda mkono mpaka boya lililolala chini likasomeka robo. Tangu siku ile mshale ule usingeweza kushuka chini ya robo hata tangi likaushwe juani. Mchunga maji alilijua hilo kwa swali moja. Fundi wa miaka ishirini na miwili alishindwa.

"Elimringi," nikasema.

"Tumimine hayo mafuta, baba," akasema. "Tukamchukue."

Tulimzika Jumatano, hapa Mwika, nyuma ya migomba, pamoja na mtoto wake wa kike. Watu walijaa, wa kwetu na wa Rombo, mchungaji na padri wakaketi pamoja. Desturi yetu mnaijua: kabla ya mwili kushushwa, mzee wa nyumba husimama akawaeleza watu jinsi marehemu alivyougua na jinsi alivyokufa, hatua kwa hatua, ili kusibaki minong'ono. Mzee wa nyumba ni mimi. Usiku ule sikulala, nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Nilikuwa nimekata shauri nitasema.

Nikasimama. Nikaeleza mimba ya kwanza, kovu, onyo la daktari. Nikaeleza kwamba nilipeleka gari. Watu wakatikisa vichwa kunisifu. Nikaeleza Jumapili, saa tisa, barua ya balozi, majirani walivyosukuma. Nilipofika kwenye zile kilomita tatu nikaona nyuso za watu wote waliowahi kuniletea magari yao, vijana niliowatukana kwa kufunga bolti vibaya, mafundi niliowaita wachinjaji. Niliogopa. Mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, mbele ya jeneza, niliogopa kuchekwa.

"Wakiwa njiani," nikasema, "mafuta yakaisha."

Mkutano wote ukaguna. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba hii nchi itatuua wote kwa foleni, na mwingine akaitikia. Hakuna uongo niliousema. Nikakaa.

Baada ya maziko watu walikuwa wanapewa chakula. Nilisimama karibu na kaburi, Elimringi hatua mbili nyuma yangu anasawazisha udongo kwa sepetu. Kastori akaja. Alikuwa amevaa koti lisilo lake. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Baba Elimringi, wewe ulimpa gari. Mimi ndiye niliyekuwa na jukumu la mafuta."

"Usiseme hivyo."

"Niambie, wewe unayajua mambo haya. Nilileta lita kumi. Ningeongeza ngapi ndipo mtoto angefika?"

Sepetu ilinyamaza nyuma yangu. Elimringi alikuwa amesimama ananitazama, nilijua bila kugeuka. Alikuwa ananipa nafasi. Ningeweza kusema hata lita mia zisingemwokoa Anyesi na upumbavu wangu. Zote zingetumika kwa safari nyingine, na mwisho mshale ungedanganya vilevile. Hilo ndilo lililokuwa jibu, na ningeliweza kulisema kwa sauti ndogo, kwa mtu mmoja tu, asisikie mwingine.

"Tano," nikasema. "Tano zingetosha."

Midomo ya Kastori ikawa inatembea.

"Lilikuwepo," akasema mwishowe. "Dumu la tano lilikuwepo pale pale nyumbani kwangu. Nilipolitia kwenye gunia nikaona gunia limevimba, nikaogopa watanishika. Nikalitoa. Nikaliacha chini ya kitanda."

Akauachia mkono wangu. Akasema asante, ni heri ajue. Jioni ile akapanda basi la Tarakea na jibu alilolipata kwangu, nami nilimsindikiza mpaka barabarani nikamwacha aende nalo.